Shitaka la Mwendo wa Kasi Lisimalizwe kwa Simu

Barabara ya lami itokayo Mwigumbi, ikapita Maswa na Bariadi hadi Lamadi, ni mali ya wananchi. Imejengwa kwa fedha za umma, urefu wake ni kilomita zipatazo 170, na imeleta nafuu ambayo hakuna mkulima wa pamba wa Simiyu asiyeijua. Mzigo uliokuwa ukikwama kwenye matope siku mbili sasa hufika mchana ule ule. Mgonjwa aliyekuwa akibebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe sasa hupata gari. Lakini lami ilipokuja haikuja na nafuu peke yake. Ilikuja pia na mwendo. Ile njia ya zamani, kwa vumbi na makorongo yake, ilimzuia dereva yenyewe. Lami haimzuii mtu. Kinachomzuia dereva leo ni sheria, na sheria haina nguvu kuliko ile ambayo sisi wenyewe tuko tayari kuipa.

Katika barabara hii, kama katika barabara zote kuu za nchi yetu, askari wa usalama barabarani hupima mwendo wa magari kwa chombo ambacho wananchi wamekipa jina la tochi. Mmoja hupima, na mwenziwe hungoja mbele. Gari likipita kwa mwendo uliozidi, picha yake hutumwa kwa simu, na dereva anaposimamishwa huonyeshwa namba yake na mwendo wake. Hadi hapo mambo ni ya wazi. Giza huanza baada ya hapo.

Ni dhahiri kwamba dereva aliyesimamishwa huona mbele yake njia mbili za haraka. Kabwela hutafuta noti, akaikunja, akaiweka ndani ya leseni yake. Mkubwa, au anayemjua mkubwa, hutoa simu, akapiga, kisha akampa askari aongee na "mzee". Njia zote mbili zina mwisho mmoja: gari linaondoka, kosa halikuandikwa popote, na dereva anaongeza mwendo ili afidie dakika alizopoteza. Tunasema wazi kwamba njia hizi mbili ni ndugu. Aliyezoea kumlaani mwenye noti na kumwonea soni mwenye simu hajaitazama haki kwa macho yote mawili.

Huenda msomaji wa Nansio au wa Ukara akauliza, mambo ya Bariadi yanamhusu nini mtu wa kisiwani? Yanamhusu sana. Mwananchi wa Ukerewe anayetoka Rugezi, akavuka hadi Kisorya na kupita Bunda, hufika Lamadi. Hapo mwenye safari ya Mwanza hushika njia ya Nyashimo na Magu, na mwenye ndugu au biashara Bariadi hukata kuingia ndani ya mkoa. Kisiwani kwake magari ni machache. Akifika bara huwa ni abiria katika gari dogo, usukani uko mkononi mwa mtu mwingine, na uhai wake umo katika busara ya madereva asiowajua.

Tarehe 11 Januari 2022, katika wilaya ya Busega, gari lililochukua waandishi wa habari waliokuwamo katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, safari yao ikiwa ya kwenda Ukerewe, liligongana na gari dogo la abiria. Watu wasiopungua 14 walipoteza maisha, wa gari hili na wa gari lile. Si kazi ya safu hii kuwahukumu marehemu, wala kugawa lawama juu ya makaburi. Tunaikumbusha siku ile kwa sababu moja tu: barabara haikuuliza ni nani aliyekuwa katika msafara na ni nani aliyelipa nauli. Mtumishi wa Serikali na mchuuzi walilala pamoja.

Sasa tuitazame sheria yenyewe, maana wengi huilalamikia bila ya kuijua. Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973. Iliweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na magari mazito. Kwa gari dogo la binafsi, nje ya makazi, sheria ile ilipotungwa haikutaja namba. Yafaa jambo hili lifahamike vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha maneno yetu ya leo. Gari kubwa la fahari linalopita porini kati ya vijiji kwa mwendo wa kilomita 140, penye ng'ombe, wanafunzi na baiskeli zilizopakia magunia, halikuwekewa namba ya kulizuia. Kilichowekwa ni shitaka jingine, lililo zito zaidi: kuendesha gari kwa hatari, bila ya kujali usalama wa watu.

Mashitaka haya mawili hayafanani. Kosa la kuzidisha mwendo hupimwa kwa namba. Kibao kinasema 50, chombo kinasoma 68, hapana mjadala mrefu. Lakini kosa la kuendesha kwa hatari hupimwa kwa hali yote ilivyokuwa: barabara ilikuwaje, imenyooka au ina kona, palikuwa na watu wangapi, au wangapi wangetazamiwa kuwapo saa ile, mvua ilikuwa ikinyesha au jua lilikuwa likiwaka, gari lilikuwa likipita jingine mlimani au la. Kilomita 75 kwa saa katika njia nyeupe asubuhi, na kilomita 75 hizo hizo mbele ya shule wakati watoto wanatoka, si kitendo kimoja. Cha kwanza kinaweza kuwa kosa la namba tu. Cha pili ni kuchezea roho za watu, na hukumu yake hapana budi iwe nzito, pamoja na kunyang'anywa leseni.

Kwa nini tunasisitiza tofauti hiyo? Kwa sababu shitaka hili zito linachakazwa kutoka pande mbili.

Upande mmoja yupo askari asiye mwaminifu, na hatusemi kwamba wote ni hivyo, maana wapo wanaosimama juani kutwa nzima kwa uadilifu. Huyu asiye mwaminifu anapomkamata dereva aliyezidisha mwendo kidogo humtisha kwa jina la kosa kubwa. Humwambia kwamba atamfikisha mahakamani kwa kuendesha kwa hatari, kwamba gari litalala kituoni, kwamba leseni itakwenda. Dereva asiyeijua sheria hutetemeka, na mkono wake huenda mfukoni. Faini ya kosa lililoandikwa kwa utaratibu kwa miaka mingi ilikuwa Sh. 30,000, na mwaka 2021 ile ya pikipiki na bajaji ilishushwa kuwa Sh. 10,000 kwa kuwa Serikali ilitambua kwamba vijana walikuwa wakilemewa. Lakini faini ya kutishwa haina kipimo. Haina risiti, haiendi Hazina, wala haimfundishi mtu kupunguza mwendo. Inamfundisha kwamba kosa lina bei.

Upande wa pili yupo mwenye simu. Huyu ndiye hasa ambaye angestahili kushitakiwa kwa kuendesha kwa hatari, kwa sababu gari lake ndilo lenye nguvu, nalo ndilo lipitalo vijijini likiwatimua watu kama kuku. Lakini shitaka lake hufa kabla halijazaliwa. Matokeo yake ni kwamba silaha pekee ambayo mwenda kwa miguu aliachiwa na sheria hutumiwa kumtisha mnyonge, na huwekwa alani anapofika mwenye cheo. Je, hii ndiyo sheria tuliyoikusudia?

Chama chetu hakikuanza leo kulikemea jambo hili. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, ufahari, dharau na uonevu. Ahadi za mwanachama, ambazo CCM ilizirithi mwaka 1977, zinaihesabu rushwa kuwa ni adui wa haki, nazo hazikumkataza mwanachama kupokea tu. Zilimkataza na kutoa. Kiongozi anayepiga simu ili dereva wake aachiwe hakutoa fedha, ni kweli. Ametoa kitu cha thamani kubwa zaidi: ametoa heshima ya ofisi aliyokabidhiwa na wananchi, akaitumia kununulia haraka yake. Nasi tuliosoma vyuoni tulifundishwa tungali wadogo kwamba umma za kale ziliangamia kwa sababu mtukufu akikosa aliachwa, na mnyonge akikosa aliadhibiwa. Somo hilo halina dini moja wala chama kimoja.

Wapo watakaosema kwamba kiongozi ana kazi nyingi, na kwamba kuchelewa kwake ni kuchelewa kwa maendeleo ya watu. Hoja hiyo tumeisikia mara nyingi, nasi tunaijibu kwa heshima. Gari la wagonjwa na la zimamoto yana udhuru wake yawapo kazini, na kila mwananchi huyapisha bila ya kuambiwa. Mkutano si moto. Tarehe 12 Aprili 1984 taifa hili lilimpoteza Waziri Mkuu wake, Ndugu Edward Moringe Sokoine, katika ajali ya barabarani karibu na Dakawa, mkoani Morogoro, akiwa njiani kutoka Dodoma. Alikuwa mtu wa kazi kuliko wengi, aliyewatia hofu walanguzi na wahujumu uchumi. Ni mkutano gani, katika miaka yote iliyofuata, uliolipa pengo lile? Taifa humhitaji kiongozi aliye hai, aliyechelewa nusu saa, kuliko jeneza lililofika kwa wakati.

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati ya Bwisya, Ukara, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 waliangamia. Taifa zima lililia. Tulisema wakati ule kwamba idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo si pambo. Basi na ile 50 iliyoandikwa kwenye kibao cha barabarani si pambo. Chombo cha majini huua wengi kwa siku moja, nasi tukastuka. Barabara huua mmoja leo na wawili kesho kutwa, nasi tukazoea. Duniani kote, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023, barabara huchukua roho za watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka.

Wala hesabu ya mwendo si ngumu kuielewa. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde moja. Likiwa katika kilomita 100, hupita karibu mita 28. Dereva akiona mtoto anakatiza, sekunde nzima huweza kupita kabla mguu wake haujafika kwenye breki, na hapo breki ndiyo kwanza inaanza kazi. Zaidi ya hayo, mwendo ukiongezeka maradufu, kishindo cha kugonga huongezeka mara nne. Mtoto yule hajui vyeo, hajui simu, wala hajui noti iliyokunjwa. Anajua kwamba mama amemtuma dukani ng'ambo ya barabara.

Basi dereva aliyekamatwa afanye nini? Tunatoa ushauri huu kwa dereva wa lori la pamba, kwa kijana wa bodaboda na kwa dereva wa Serikali pamoja, kwa kuwa mbele ya sheria wote ni wamoja.

Kwanza, asimame, na azungumze na askari kwa adabu. Ana haki ya kuuliza kosa lake linaitwaje, na wala hilo si ubishi. Je, ni kuzidisha mwendo, au ni kuendesha kwa hatari? Ni mwendo gani uliosomwa, mahali gani, na kibao kiko wapi? Askari mwaminifu hakasiriki kwa maswali haya, maana majibu yake anayo.

Pili, akiwa anajua kwamba amekosa, akubali. Aandikiwe hati, apewe namba ya malipo ya Serikali, alipe kwa njia iliyowekwa, na risiti aitunze. Fedha hiyo inakwenda mahali pake, na kosa limeandikwa kwa jina lake. Uchungu wa kuandikwa ndio unaomfanya mtu apunguze mwendo safari ijayo.

Tatu, akiwa anaamini kwamba hakukosa, asilipe kwa hofu, wala asiombe kusamehewa jambo asilolitenda. Kulipa ni kukubali. Aombe shauri lifikishwe mahakamani. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, imempa kila mtu usawa mbele ya sheria, haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kutotendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mshitaki.

Nne, akifikishwa mahakamani kwa shitaka zito la kuendesha kwa hatari, asiseme "ni kweli" kwa kuwa tu amechoka na anataka aende zake. Asikilize maelezo ya shitaka yanaposomwa. Kama yanataja mwendo tu, na hayasemi hatari ilikuwa nini na kwa nani, aieleze mahakama hivyo. Akiweza kupata wakili, ampate. Asipoweza, ukweli ulionyooka una uzito wake mbele ya hakimu. Na kama kweli alimpita mwenziwe mlimani huku basi likija mbele, basi akubali na apokee adhabu kama muungwana, na ashukuru kwamba anahukumiwa kwa shitaka hilo na si kwa shitaka la kuua.

Kwa upande wa Serikali, tunayo mambo manne ya kuyashauri, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, vibao viwe wazi. Penye 50 paonekane, na mahali 50 inapokwisha paonekane vile vile. Kibao kilichofunikwa na tawi au kilichogongwa kikalala chini hakimfundishi dereva, kinampa udhuru. Wapo wanaosema kwamba tochi imegeuzwa kuwa mradi wa kukusanyia fedha. Neno hilo litakufa siku ile askari watakaposimama mahali wanapoonekana, palipo na hatari ya kweli, penye shule na penye soko, badala ya kujificha vichakani penye mteremko usio na watu. Lakini na madereva nao waache mchezo wa kuwashiana taa ili kuonyana. Anayepunguza mwendo kwa sababu ya askari, na si kwa sababu ya mtoto, hajajifunza kitu.

La pili, hati za makosa zihesabiwe. Kila mwezi katika kila wilaya itangazwe ni hati ngapi zimeandikwa, ngapi zimelipwa, ngapi zimekwenda mahakamani, na ngapi zimefutwa na kwa amri ya nani. Simu ya mkubwa hupenda giza. Ikijulikana kwamba itaandikwa kwenye daftari, itakoma kulia.

La tatu, dereva wa Serikali akikamatwa kwa mwendo, aandikwe na ofisa aliyekuwamo garini. Dereva huyo ni mfanyakazi. Mara nyingi aliyesema "kanyaga, tumechelewa" ameketi nyuma akisoma magazeti. Si haki dereva apoteze leseni yake, nayo ndiyo riziki ya watoto wake, huku mwenye amri akibadilishiwa dereva mwingine keshoye. Amri nayo ijibiwe.

La nne, shitaka la kuendesha kwa hatari lirudishiwe heshima yake. Lisitumiwe kwa kosa dogo la namba, wala lisiondolewe kwa kosa kubwa la mwenye cheo. Likiletwa mahakamani Bariadi, Maswa au kwingineko, kila mtu aliyepo pale ajue kwamba maisha ya watu yalitiwa hatarini, na kwamba aliyeyatia hatarini atajibu mwenyewe kwa kinywa chake.

Wazee wetu walisema kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sote hufurahi kuona bodaboda akisimamishwa, na sote hununa tunaposimamishwa sisi. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na msumeno unaokata upande mmoja tu ni kisu cha mwenye nguvu. Kila mwaka tunaadhimisha Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Tunavaa fulana, tunasikiliza hotuba, tunabandika stika kwenye vioo. Mambo hayo si mabaya. Lakini kipimo cha usalama wetu hakimo katika wiki hiyo. Kimo katika zile dakika kumi ambazo dereva na askari husimama wawili kando ya lami, pasipo shahidi, na mmoja wao ameshika simu.

Viongozi wa Mkoa wa Simiyu na wa mikoa jirani wanaweza kuanza kesho, bila ya kungoja waraka wowote. Kila mmoja amwambie dereva wake maneno mawili mbele ya watumishi wote: usizidishe mwendo, na ukikamatwa usinipigie.